Kiti Kilichobeba Maji

Garissa, Bulla Iftin
7 Septemba 2025

Kwa Buya wa Masalani,

Assalamu alaykum. Mimi ni Kulow, umri wangu miaka sabini na sita. Nimezika wake wawili, Mungu awarehemu. Nimeishi muda mrefu kuliko malori yangu matatu, kuliko ukame usiohesabika, kuliko mafuriko yaliyobeba choo changu kikiwa kizima yakakiweka kwa jirani, na kuliko daktari aliyesema sitafika Ramadhani. Aliyekufa ni daktari. Nilienda mazishini.

Usinipigie simu. Sikio la kushoto nililiacha kwenye injini na la kulia linasikia adhana tu. Mwandiko wangu usiucheke. Niliufunza mkono wangu juu ya risiti za mizigo, wakati wewe utingo wangu unakumbatia kamba na kusinzia.

Sasa sikia. Mjukuu wangu Idman ana leseni ya lori. Akienda kwa wenye malori wanamwambia "subiri, mama," maana yake hapana. Sasa kuna shirika linatafuta dereva mmoja wa boza la maji, la kupelekea vijiji maji kutoka hapa mpaka kwenu. Mtihani ni Novemba. Kila mtu ataendesha boza lenyewe, Garissa mpaka Masalani, tangi likiwa nusu. Nafasi ni moja. Wanaume wanne wameomba na wote wana miaka kwenye usukani. Idman ameendesha lori la shule ya udereva, tupu, juu ya lami. Akikosa, anaenda Nairobi kumkunjia shangazi yake nguo dukani, na leseni itaozea sandukuni.

Tangi nusu, Buya. Wewe unajua. Tangi lililojaa ni jiwe, tangi tupu ni debe, lakini tangi nusu lina kichwa chake. Unakanyaga breki, lori linasimama, maji bado yako njiani yanakuja.

Mimi lori sina tena, lakini nimepata dawa. Shuaib seremala alikuwa na mashine ya kompyuta ya kuchonga milango na vitanda, ile wanaita CNC. Mafuriko yaliozesha meza yake. Mota nne zilipona, na boksi la kontrola pia. Hilo boksi ndilo nyapara. Kompyuta inasema, boksi linaamuru, mota inazunguka kipimo ilichoambiwa, haizidi unywele. Tunaziweka chini ya kiti cha lori langu la zamani, moja kila pembe. Usukani mbele, breki chini, televisheni mahali pa kioo. Ukikanyaga breki kiti kinainama. Ukiingia shimo kinakuangusha. Idman atajifunza bila dizeli na bila mtu wa kumwambia subiri.

Kinachokosekana ni barabara. Nakutumia simu hii kwa basi. Shuaib ameweka ndani kitu kinachonakili kila mtikiso. Panda lori lenye mzigo kutoka kwenu mpaka hapa, uifunge kwenye chuma cha kabini. Wewe mwenyewe, Buya. Usimtume mtu.

Ni mimi,
Kulow, dereva


Masalani
15 Septemba 2025

Kaka Kulow,

Waalaykum salaam. Barua nimeisoma barazani na watu wamefurahi sana. Hawajawahi kusikia habari ya mzee anayepanda mashine ya vitanda ili aende Masalani bila kutoka Garissa. Yule daktari namkumbuka. Alichoka kubishana nawe, akaona heri atangulie.

Umesema nilikuwa nasinzia. Haya. Na nani alikuwa akishuka kwenye tope jeusi la Ijara, linamfika mapajani, anaweka magogo chini ya magurudumu, huku bwana mkubwa yuko juu anapiga honi kama bibi harusi amechelewa?

Kazi nitaifanya kwa ajili ya Idman, si kwa ajili yako. Alipokuwa mdogo alinishika mkono pale soko la mifugo akaniuliza kwa nini lori linalia likipanda. Watoto wengine waliniomba peremende.

Nitakaa mbele mimi mwenyewe. Simu nitaifunga kwenye chuma, nitaitazama njia nzima. Usiwe na wasiwasi.

Nduguyo,
Buya


Garissa
28 Septemba 2025

Buya,

Kiti kimesimama, na ni mimi niliyekikalia kwanza. Shuaib alisema, "Adeer, mzee wangu, tuweke gunia la mchanga kwanza." Nikamwambia mimi si gunia. Nikapanda, nikafunga mkanda, nikamwambia washa.

Kiti kikaenda kulia taratibu, kikazunguka, kikarudi, kikapanda, kikashuka, kikazunguka tena kidogo, halafu tena kidogo zaidi. Nikasema hii barabara gani, mbona hainyooki hata kidogo? Shuaib anapiga kelele, mimi sisikii. Kumbe lile boksi lilikuwa bado limeshika kazi yake ya mwisho, ua la kwenye ubao wa kitanda cha bibi harusi. Limenichonga ua zima, Buya, petali kwa petali. Shuaib alikuwa na kitufe chekundu cha kuzima mkononi na hakukibonyeza, kwa sababu alikuwa amekaa chini anacheka. Nilipofika kwenye majani nikaanza kuyatarajia.

Sasa hilo limefutwa. Kwanza mota mbili zilikuwa kinyume, ukifunga breki unatupwa nyuma kama umeongeza mafuta. Ni mgongo wangu uliogundua hayo, kompyuta haikugundua. Tumezigeuza. Mtu yeyote akija karakana namwambia kwamba lori limezaliwa upya humu ndani na baba yake ni mimi. Baadhi wanaenda zao.

Tunangoja barabara yako. Idman anakuja kila alasiri, anakaa, anashika usukani wa barabara isiyokuwapo. Fanya haraka.

Kulow


Masalani
9 Oktoba 2025

Kaka Kulow,

Simu nilimwachia Abdiwali mfanyabiashara wa ngamia pale Garissa akuletee. Nimesafiri salama nikiwa kabini, simu mbele yangu. Dereva alikuwa mtu wa adabu. Barabara nimeisikia yote mgongoni, hasa pale Bura.

Nilifika Garissa nikapata basi la kurudi papo hapo, ndiyo maana sikupita kwako. Nisamehe chai.

Buya


Garissa
14 Oktoba 2025

Wewe Buya,

Nilipoona umefika Garissa usinione, niliumia, nikanyamaza. Nikasema mtu mzima ana haraka zake. Sasa nimekaa kwenye barabara yako na sinyamazi tena.

Tumeweka mtikiso wako kwenye kompyuta. Kiti kikaenda. Mwanzo nikasema sawa, hapa tope, hapa matuta ya bati, hapa mchanga. Kisha lori likafika kizuizi cha polisi likasimama. Shuaib alinionyesha kwenye kompyuta kwamba limesimama, ramani ya simu haisogei. Lakini kiti hakikusimama. Kilikuwa kinayumba polepole, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Kisha kikatulia kidogo. Kisha kitu kikapanda kutoka chini, kama ngumi ndogo, taratibu mpaka juu. Kikaanza tena kushoto, kulia.

Shuaib akasema mota zimeharibika. Nikamwambia mota ziko salama, kaa kimya. Mimi nimezaliwa nyuma ya ngamia, Buya. Nimelala nimewaegemea mgongo. Hiyo si injini. Huyo ni ngamia anacheua.

Kwa hiyo niambie. Hukuwa kabini. Hukuwa kwenye lori. Pengine hukutoka hata Masalani. Umeniandikia habari za dereva wa adabu na basi la kurudi, na njia nzima simu ilikuwa kwenye shingo ya ngamia. Miaka yote tuliyokula sahani moja sikuwahi kukukamata kwa uongo, leo umekamatwa na kiti.

Mtihani ni mwezi ujao. Umempa mtoto wangu barabara ya ngamia.

Kulow


Masalani
20 Oktoba 2025

Kaka Kulow,

Ni kweli. Sikutoka Masalani.

Mguu wa kulia umekataa tangu mwezi wa sita. Nilianguka kwenye boti wakati wa kuvuka mto, nyonga ikatoka mahali pake, na walipoirudisha haikurudi vizuri. Natembea kutoka kitandani mpaka mlangoni. Kabini ya lori siwezi kuipanda hata nikisukumwa na utingo watatu. Sikukuambia kwa sababu ungekuja, ungekaa ukutani kwangu unaniambia jinsi wewe ulivyopona kila kitu.

Simu nilimpa Abdiwali. Alikuwa anapeleka Garissa kwa lori ngamia watatu aliowanunua upande wa Hulugho. Nilimwambia hivi: funga mahali ambapo haitaanguka wala kupotea, na uitazame. Nilidhani anajua nasema chuma. Lakini wewe unawajua watu wa ngamia kuliko mimi. Kitu ambacho hutaki kipotee unakifunga wapi? Aliitundika shingoni kwa jike mkubwa, pale pale panapofungwa kengele ya mti. Jike amepigishwa magoti, miguu imefungwa, hawezi kwenda popote. Abdiwali aliapa hakuondoa macho kwake tangu Masalani mpaka Garissa. Nami naamini.

Nilichokuharibia siwezi kukitengeneza kutoka kitandani. Kama kuna muda, leta simu tena, nitamtafuta mtu wa kabini, nitamwelekeza mwenyewe neno kwa neno. Mwambie Idman anisamehe. Wewe sikuombi, ningengoja sana.

Buya


Garissa
27 Oktoba 2025

Kwa Babu Buya,

Assalamu alaykum. Ni Idman. Pole kwa mguu. Awowe Kulow aliisoma barua yako, akaikunja, akatoka nje bila fimbo yake. Alirudi akasema vumbi limemwingia machoni. Hakukuwa na upepo.

Naandika bila yeye kujua, kwa sababu kuna jambo hatakuambia kamwe.

Shuaib alikuwa tayari kuufuta ule mtikiso wa ngamia. Awowe akamzuia, akakaa tena kwenye kiti, akafumba macho, akaniambia nisimame pembeni nikanyage breki. Shuaib alikuwa ameshapanga kiti kijibu breki kama simu ilivyonakili. Nikakanyaga. Kiti kikasimama. Tukadhani basi. Halafu kikamsukuma mbele, polepole, kwa nguvu, kama mtu amemwegemea mgongoni. Kisha kikamvuta nyuma. Kisha mbele tena, kidogo.

Awowe akafumbua macho. Kisha akasema, "Haya ni maji."

Ni shingo, Babu. Lori likisimama, mwili wa ngamia unasimama nalo kwa sababu amefungwa. Shingo inachelewa, inakuja nyuma yake, inarudi. Tangi nusu ndivyo linavyofanya. Simu ingefungwa kwenye chuma ingetuletea lori tu. Tusingejua jinsi ya kuyatia maji kwenye kiti. Shuaib ameondoa kucheua, ameacha ule mbembeo, ameukuza mpaka awowe akasema sawa, hilo ndilo tangi.

Sasa anawaambia watu kwamba alikuagiza ngamia tangu mwanzo. Tafadhali usimkatalie.

Mimi bado sijaweza. Msukumo wa pili ukija, mguu wangu unaruka kwenye breki tena, na maji yanarudi na hasira zaidi. Awowe anapiga kiti kwa fimbo: "Yaache maji yapite. Hayo si yako, yaache yapite." Nimepindua boza humu karakana hata Shuaib ameacha kugeuka kutazama. Wale wengine wanaosubiri mtihani huja dirishani. Mmoja, Warfa, ameendesha malori mpaka Mandera. Ananiita dereva wa kabati. Jana aliniuliza, "Dada, leo umefika wapi, droo ya ngapi?" Wenzake wakacheka, mimi pia nikacheka, halafu nikapindua tena.

Naogopa, Babu. Wao wakikosa wana malori ya kurudia.

Mjukuu wako,
Idman


Masalani
14 Novemba 2025

Kaka Kulow,

Kaa chini kwanza. Si kwenye kile kiti, kwenye kitu kisichotikisika.

Nilikuwepo jana. Nilimwambia mwanangu aazime mkokoteni wa punda, nikalazwa juu ya godoro kama mahari, tukaenda mpaka kwenye lagga, lile korongo la mwisho kabla ya mji. Usiku wa kuamkia jana mvua ilipiga pale peke yake. Hakukuwa na maji ya kupita juu, lakini tope lilikuwa limeamka. Unalijua hilo tope. Linashika mguu kama mdai wa damu.

Kwa mtihani huu waliendesha boza kwa zamu, siku moja mtu mmoja. Aliyetangulia alikuja juzi pakiwa pakavu, akateremka vizuri, akafunga breki chini kabisa, lori likasimama, naye akageuka kusema kitu na mtahini. Wanasema hakumaliza neno. Maji yakaja, pua ya lori ikazama mchangani mpaka taa. Warfa alikuwa wa siku iliyofuata, ndiyo jana asubuhi, na Idman akamfuata mchana na boza la pili, kwa sababu shirika lilitaka kuharakisha. Warfa nilimwona kwa macho yangu. Kijana anajua gari, simnyimi. Lakini kila maji yalipomsukuma alijibu kwa breki, maji nayo yakamjibu, wakabishana hivyo mpaka chini, na pale chini lori likateleza upande likalalia ukingo. Trekta ilimtoa. Hakuumia. Alikaa kwenye ukingo karibu na mkokoteni wangu, amefunika kichwa kwa kanzu.

Halafu akaja wetu.

Alisimama juu kabla ya mteremko. Akashuka. Akavua viatu, Kulow, akavuka lagga lote kwa miguu, anachoma tope kwa kijiti, akarudi kwa njia nyingine. Warfa akasema, "Anatafuta nini, simu yake?" Hakuna aliyecheka. Akapanda, akaweka gia ya chini, akaanza kuteremka.

Aligusa breki mara moja. Moja tu, pale ardhi ilipokuwa ngumu. Lori likainama. Kisha nikaona likainama mara ya pili, peke yake, zaidi, na nikajua hayo ni maji yamefika. Nilishika ubao wa mkokoteni. Nilitazama mikono yake kwenye usukani. Ilikuwa imelegea kama mikono ya mtu anayengoja chai ipoe. Hakufanya kitu. Maji yakaja, yakapita, yakarudi nyuma, na lori likaendelea tu kushuka kama hayalihusu. Na yalipogeuka kuja mbele tena, alikuwa tayari yuko chini ya ukingo wa pili. Hapo ndipo akaongeza mafuta. Kulow, alipanda ule ukingo maji yakimsukuma. Aliyafanya utingo.

Wanawake waliokuwa na madumu walipiga vigelegele mpaka punda akataka kukimbia na mimi. Warfa alisimama. Akasema taratibu, kama anaongea na nafsi yake, "Kabati gani hilo?"

Wawili waliobaki watajaribu wiki ijayo, lakini mtahini amekwisha kuniuliza mimi, mzee wa mkokoteni, kama najua binti yule amejifunza wapi. Nilimwambia amefundishwa na babu yake na jike mmoja wa Hulugho. Ameandika. Sijui ameandika nini.

Kwamba uliniagiza ngamia tangu mwanzo, nakumbuka vizuri sana.

Nduguyo,
Buya


Garissa
8 Desemba 2025

Buya,

Habari umeshazisikia lakini lazima uzisikie kwangu. Wale wawili wa mwisho walikwama. Idman amepewa boza. Jina lake limeandikwa mlangoni kwa rangi, na mimi ndiye niliyesimama pale kuhakikisha wameliandika sawa.

Warfa alikuja karakana. Alisalimu vizuri, akasema, "Adeer, naweza kukaa?" Nilimwacha asimame kidogo, kisha nikamkalisha. Amepindua. Anarudi kesho. Sasa madereva wanapanga foleni kwenye kivuli cha Shuaib, na kitanda cha mtu kimengoja mpaka bwana harusi amelala mkekani. Shuaib anataka mota zake. Nimemwambia anunue nyingine, hizi zimeshakuwa walimu.

Sasa jambo lingine, na hili sitalisema mara mbili.

Juzi Idman alinipitia. Alikuwa anapeleka maji upande wa Bura. Akasema, "Awowe, panda." Nilipanda kwa nia ya kumsahihisha. Nilikuwa nimeandaa mengi. Gia anabadilisha mapema kidogo, na kioo cha kushoto anakitazama kama anakiogopa. Tukatoka mjini, tukaacha lami, ile bati ikaanza. Niliona shimo, naye akaliona. Niliona mbuzi, naye alikuwa ameshapunguza. Nikaegemea kiti.

Wewe unanijua. Tangu nishike usukani sijawahi kufumba jicho mtu mwingine akiendesha. Hata wewe, ambaye nilikufundisha, nilikaa karibu yako usiku mzima nimekodoa macho kama bundi, nakanyaga breki isiyokuwepo.

Buya, nililala.

Nililala usingizi wa mtoto mchanga. Nilipoamka lori limesimama, mlango uko wazi, tangi limeshatoa maji, na watoto wanajimwagia. Mtu alikuwa amenifunika shali. Idman alikuwa chini ameshika bomba, hakunitazama, akasema tu, "Awowe, chai yako imepoa, wanakuchemshia nyingine."

Wiki ijayo tunafika kwenu. Nitakaa ukutani kwako na nitakuambia jinsi nilivyopona kila kitu. Ule mguu utaupandisha kwenye kabini, tutakusukuma. Nafasi katikati ni yako, mimi nakaa dirishani.

Na kama kuna mtu Masalani au Garissa atasema Kulow anatia chumvi, aende kwa Shuaib kuhusu mota, kwa Abdiwali kuhusu ngamia, na kwako kuhusu lagga. Kuhusu usingizi, amuulize Deka anayeuza chai pale Bura. Shali ni lake, na anasema nilikoroma.

Kulow